Mali Bila Daftari

Hapa kwetu pwani dhahabu ni furaha. Bibi arusi hatolewi pasi na kidani na bangili, na siku shida ibishapo hodi, bangili hizo ndizo zitanguliazo kwa sonara. Hata magofu ya Kilwa ni ushahidi, kwani mji ule ulinawiri kwa dhahabu iliyotoka bara ikipitia Sofala. Masultani wake twawajua kwa majina. Waliochimba hatumjui hata mmoja.

Mambo yangaliko vivyo hivyo. Huko Nyatike katika Kaunti ya Migori, na Ikolomani katika Kaunti ya Kakamega, vijana hushuka mashimoni kwa kamba na tochi, na kina mama huponda mawe. Unga wa mawe huoshwa, kisha hutiwa zebaki ili ishikamane na chembe za dhahabu. Donge lile huchomwa, na zebaki hupaa kwa moshi. Moshi huo ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Zebaki isalayo hufuata maji mtoni, na maji ya mto Migori huishia Ziwa Viktoria, wavuliwako samaki.

Lau kijiji kingeinuka, pangekuwa na faraja kidogo. Mara nyingi hakiinuki, kwa kuwa mchimbaji huianza kazi na deni shingoni. Chakula, kamba na zebaki hukopeshwa na dalali; dalali huyo ndiye mnunuzi, na mizani ni yake. Hapana hati wala risiti. Dhahabu huenda zake, na kijiji hubakia na mashimo yasiyofukiwa.

Wenyeji wa Kakamega waliyaona haya zamani. Sheria ya mwaka 1930 iliwaahidi kwamba ardhi yao ikitwaliwa watapewa nyingine mahali pake. Dhahabu ilipogunduliwa, serikali ya kikoloni iliigeuza sheria hiyo mwaka 1932, ahadi ikafutwa.

Leo ipo Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa kibali, inataka kila kaunti iwe na kamati ya kumsimamia, na inaitengea jamii ya mahali asilimia 10 ya mrabaha. Ni sheria njema. Lakini mrabaha hutolewa kwa dhahabu iliyoandikwa. Iuzwayo gizani haimjengei mtu shule wala zahanati.

Kwa hiyo twasema: kamati hizo na zifanye kazi. Wachimbaji na waungane katika vyama vya ushirika vyenye mizani yao na vitabu vyao vya hesabu, na serikali iwapelekee mitambo isiyohitaji zebaki. Nasi tuvaao dhahabu tusione haya kumwuliza sonara imetoka wapi.

Aliyepita chuoni ajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni, na kwamba ipo sura nzima iliyoanza kwa kuwakemea wapunjao vipimo. Na wazee wetu walikwisha kutuusia: mali bila daftari hupotea bila habari. Dhahabu ya Nyatike na Ikolomani isipotee hivyo.