Ati Kiswahili Hakina Neno

Katika semina moja ya walimu wa lugha niliyohudhuria si zamani, mwenzetu mmoja alisimama, akaandika ubaoni neno la Kiingereza "serendipity", kisha akatugeukia: "Haya, nipeni Kiswahili chake." Ukumbi ukanyamaza. Mmoja akajaribu bahati, wa pili akasema sadfa, wa tatu nasibu. Kila jibu alilitikisia kichwa. Hatimaye akatoa hukumu kwamba lugha isiyo na neno hili haiwezi kubeba sayansi, kwa kuwa uvumbuzi mwingi wa sayansi hutokea kwa njia hiyo hiyo. Tukapiga makofi, tukatoka kwenda kunywa chai.

Nami nilipiga makofi. Ndiyo sababu naandika.

Ingekuwa ni mchezo wa ukumbini tu, ningenyamaza. Lakini hapa Uganda Kiswahili kiliingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu anayekwenda kuomba vipindi vyake katika ratiba hukutana na hoja ya aina hii hii: lugha hiyo ni ya sokoni na kambini, ya nini kuwapotezea watoto wakati? Hoja hiyo ikitoka kwa asiyekijua Kiswahili, tunaweza kuivumilia. Ikitoka kwa mwalimu wa Kiswahili, ni kasumba.

Basi na tulitazame neno lenyewe. Halikuteremka pamoja na lugha ya Kiingereza. Lilibuniwa na mtu mmoja, Horace Walpole, katika barua aliyoiandika tarehe 28 Januari 1754 kumpelekea rafiki yake Horace Mann, mjumbe wa Uingereza mjini Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, na Walpole, akipekua kitabu kikuukuu, akakutana na nembo ya ukoo wa bibi huyo bila kutazamia. Akafurahi, akaitungia furaha yake jina. Maana aliyoipa ilikuwa na miguu miwili: kukutana kwa ajali na jambo usilokuwa ukilitafuta, na kuwa na busara ya kulitambua ulipolikuta. Neno zima lilikuwa ni mzaha wa bwana mwenye nafasi.

Baada ya hapo likalala. Walpole alifariki mwaka 1797, na barua zake kwa Mann hazikuchapishwa hadi 1833. Hata zilipochapishwa, karibu hakuna aliyelijali. Mwaka 1875 mkemia Edward Solly alilitaja katika jarida la wapenda vitabu, na tangu hapo likawa kama sarafu ya kale inayopitishwa mkono kwa mkono na wakusanyaji wachache. Kamusi kubwa hazikuanza kulipokea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa namwuliza mwenzetu wa semina: Isaac Newton alifariki mwaka 1727, miaka 27 kabla ya barua ile. Edward Jenner alifanya jaribio lake la chanjo ya ndui mwaka 1796, wakati neno lingali limefungwa ndani ya barua. Je, Kiingereza chao hakikuweza kubeba sayansi? Kama neno moja ndilo kipimo, Waingereza walifanya kazi karne nzima bila ya kipimo hicho, wala hakuna aliyewaambia wafunge maabara.

Isitoshe, mbao za jengo hilo hazikukatwa Uingereza. Serendip ni Sarandibu, jina ambalo Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa cha Sri Lanka, na asili yake ni Kisanskriti, kisiwa cha Wasinhala. Sehemu yake ya mwisho ni neno la "kisiwa" lile lile linalosikika katika jina la Maldivi. Aliyesoma Alfu Lela Ulela anamkumbuka Sindbad akifika Sarandibu. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikipanda kisiwani humo kile kilima kirefu anachokiita kwa jina hilo hilo. Jina hili lilizunguka katika bahari yetu kwa karne nyingi kabla Walpole hajalipachika mkia wa Kiingereza.

Na kisa chenyewe alichokitegemea? Kilichapishwa Venice mwaka 1557 kwa Kiitaliano na Cristoforo Armeno, na nyuma yake kuna mshairi Amir Khusrau, aliyetunga kwa Kiajemi huko Delhi mwanzoni mwa karne ya 14. Wana watatu wa mfalme wa Serendip wako njiani. Wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia, wanamwuliza: ngamia wako si chongo? Si kigugu, na jino moja halina? Mtu anadhani wamemwibia, anawashitaki kwa mfalme wa nchi ile. Kumbe hawakumwona kamwe. Waliona majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, ule uliokuwa na majani hafifu, wakajua jicho la upande wa pili halioni. Walpole alikisimulia vibaya, hata ngamia akageuka nyumbu. Ila jambo kubwa ni kwamba katika kisa hiki ajali ni kidogo mno. Wengi walipita njia ile siku ile, wakaona majani yaliyoliwa. Watatu tu ndio waliojiuliza kwa nini upande huu na si ule.

Katika karne ya 20 wanasayansi walilichukua neno kwa kazi ya maana. Walter Cannon wa Harvard alilipa sura nzima katika kitabu chake cha 1945. Mfano unaopendwa ni wa Alexander Fleming, aliyerudi likizoni Septemba 1928, akakuta kuvu imeingia katika kisahani chake na kuua bakteria pembeni mwake. Kuvu iliingia kwa ajali. Kutokukitupa kisahani hakukuwa ajali. Lakini neno lilipotoka maabara kwenda mitaani mguu wake wa pili ulikatika. Mwaka 2001 likawa jina la filamu ya mapenzi ya Kimarekani, na leo wengi wanaolitamka wanakusudia tu kukutana kuzuri kusikotazamiwa. Yaani sadfa! Jibu lile lile lililotikisiwa kichwa.

Kwa upande wetu, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Huyo anapata alichokitafuta, kwa hiyo methali haitufai hapa. Tazama kitenzi gundua. Leo tunakitumia kwa wanasayansi, lakini kamusi za zamani zinakieleza pia kwa kumkuta mtu au mnyama ghafla asipotazamia. Ghafla na utambuzi vimo pamoja katika kitenzi kimoja, na mwindaji alikuwa nacho kabla ya profesa. Sisemi kwamba gundua ndiyo tafsiri ya neno la Walpole. Nasema tuanze kutafuta ndani ya nyumba kabla ya kutangaza kwamba nyumba ni tupu.

Na hapa sina budi kujishitaki. Miaka mingi iliyopita, katika zoezi la kutafsiri, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne alikutana na neno hili hili. Aliandika: "bahati ya mwenye macho". Nilipiga mstari mwekundu, nikakata alama mbili, na juu yake nikaandika kwa mkono wangu "bahati nasibu", kana kwamba Fleming alinunua tikiti. Msichana yule alikuwa ameishika miguu yote miwili ya neno, ule wa ajali na ule wa busara, bila kuonyeshwa kamusi na bila kumjua Walpole. Alipokea daftari lake, akasahihisha kama nilivyomwagiza, akakaa.

Alama zile mbili ni zake.