TASAF, kodi ya chumba na ile 1,500 ya LUKU



Nilipokuwa Nachingwea nilikaa barazani na mama mmoja mtu mzima, anapanga chumba na wajukuu watatu. Tukaongea korosho, tukaongea ufuta, tukafika kwenye hela za TASAF. Akanishushia hili: "Mwanangu, wanasema hela ni ya chakula na daftari za watoto. Sawa. Sasa huo ugali nitausongea wapi nikitolewa chumbani?"

Nikakosa jibu. Tangu siku hiyo napiga hesabu, na nimeona tuziweke hapa tuzitazame wote.

Tukisema TASAF, wengi tunawaza bibi wa kijijini mwenye kibanda chake na shamba la muhogo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa 2012, ulikuwa na fungu la msingi la kaya, fungu la watoto, masharti ya shule na kliniki, na ajira za muda. Fungu la kodi ya nyumba halikuwemo. Yaani mpango ulichukulia kwamba masikini ana paa lake. Wa Nachingwea mjini au Ruangwa mjini anayepanga hakuwaziwa sana.

Haya, hesabu. Katika awamu ya kwanza fungu la msingi lilikuwa 10,000 kwa mwezi, na kaya iliyopata kila kitu haikuvuka 38,000. Malipo kila baada ya miezi miwili. Tuchukulie chumba cha 15,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, maana ndio mtindo wetu Wabongo: 90,000. Mwenye fungu la msingi tu inabidi akusanye miezi tisa bila kula hata dagaa. Hata yule wa 38,000, dirisha moja linampa 76,000. Bado haifiki! Hapo ndipo mtu anakopa kwa riba, akisubiri vibarua vya korosho mwisho wa mwaka.

Kuna mtego mwingine. Dodoso la kupima umasikini liliangalia, pamoja na mengine, nyumba ilivyo: paa, kuta, sakafu. Mpangaji yuko chini ya bati na sakafu ya saruji, lakini ni mali ya mtu mwingine! Kwenye makaratasi anaonekana ana nafuu kuliko jirani wa nyasi mwenye kiwanja chake. Tena majina yalianzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Mpangaji anayehama kila mwaka, nani atanyoosha mkono kumtaja?

Kuna watakaosema, NHC si ipo? Ipo tangu 1962, lakini linajiendesha kwa kodi za wapangaji wake, halina fungu la kumlipia masikini. Uingereza halmashauri zina nyumba za watu wa kipato kidogo na serikali inasaidia kodi. Kwetu Waingereza hao hao walijenga nyumba Nachingwea enzi za mradi wa karanga, 1947 hadi 1951, ila walijengea watu wa mradi. Na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo bei ni mapatano. Ruangwa nako kuna madini ya kinywe: mgodi ukianza, wenye mishahara wanatafuta vyumba, na yule mama anapatana akiwa peke yake.

Sasa tufanyeje? Mimi naona haya machache yanawezekana leo.

Kwanza, LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, sio yako. Kwa mwaka ni 18,000, zaidi ya mwezi mzima wa kile chumba chetu! Tunza risiti na meseji za LUKU, mkae na mwenye nyumba mkatane. Mkiwa wapangaji wengi kwenye mita moja, nendeni pamoja.

Pili, maandishi. Hata karatasi ya daftari: kiasi, tarehe, miezi, sahihi mbili. Bila hiyo ni neno lako na lake.

Tatu, notisi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema anayepanga mwezi kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi. Kung'olewa mlango sio notisi. Mkigombana, anzeni Baraza la Kata. Tangu 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nne, wenye nyumba, na ninyi ni ndugu zetu. Pokeeni ya miezi miwili miwili. Afadhali 30,000 ya uhakika kuliko kusubiri 90,000 isiyokuja.

Na kwa wakubwa: mpango wowote wa ruzuku unaokuja, wekeni maswali mawili tu kwenye dodoso. Hii nyumba ni yako au umepanga? Unalipa shilingi ngapi? Yule mama angekuwa ameshajibiwa.

Naomba kuwasilisha. Walio Ruangwa, huko chumba sasa ni bei gani?