Wasee wa kampo wako na dawa ya bili yako ya stima, lakini mwenye ploti hana haraka

Hebu angalia hiyo keja yako. Saa saba mchana mabati yanakuchoma, usiku unajifunika blanketi mbili. Tokeni umenunua Jumatatu, Alhamisi mita inalia. Noma.

Sasa, wanafunzi wa usanifu majengo na uhandisi huchora dawa ya hiyo shida kwa projekti zao. Na usidhani ni ndoto za darasani. Mwaka wa 2019, wanafunzi walijenga nyumba nzima nzima huko Ben Guerir, Morocco, kwenye shindano la Solar Decathlon Africa. Zote za kutumia sola, zingine za udongo na nyuzi za mimea. Hata hapa Nairobi, maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki pale Lang'ata hupozwa na hewa inayopita kwanza kwenye mawe kabla ya kuingia ndani.

Mbinu zenyewe hazihitaji ganji ya sonko. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo jua la asubuhi na la jioni hugonga kuta za mashariki na magharibi. Madirisha makubwa yakiangalia kaskazini na kusini, kivuli kidogo tu kinatosha. Weka dari chini ya mabati, paka paa rangi nyeupe, joto linapungua. Na maji yakipashwa na jua? Shawa ya kilowati 5 kwa dakika 10 hula stima ambayo balbu ya wati 9 ingetumia kwa zaidi ya saa 90!

Sasa mbona hizi projekti zinaishia kwa kabati ya mwalimu? Fuata pesa. Dari inalipiwa na mwenye ploti, tokeni unalipia wewe. Atoe doh yake ili wewe usevu, kwani ni mjomba wako? Hata zile ghorofa za vioo ni hivyo hivyo: anayejenga anauza anasepa, bili ya esi inabaki na wengine.

Kaunti ndiyo hupitisha ramani za majengo. Hapo ndipo hizi mbinu zinafaa kuwa lazima, si ombi.

Kabla hiyo siku ifike, ukienda kusaka keja, nenda saa nane mchana. Simama katikati ya chumba, angalia juu. Ukianza kutoa jasho kabla keateka ataje rent, ongeza tokeni kwa hesabu yako.