Wimbo Ulio Bora wa XTC

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV



Penye wengi pana mengi, na penye washabiki hapakosi ubishi. Hapa shuleni kwetu tunabishana juu ya Simba na Yanga mpaka taa za bweni zinazimwa. Lakini nyumbani kwa mjomba wangu, Tanga, ubishi ni wa namna nyingine kabisa. Ni ubishi juu ya nyimbo za bendi moja ya Uingereza iitwayo XTC, nao ulianza kabla mimi sijazaliwa. Likizo ya Juni nilikaa kwa mjomba majuma matatu, nikausikia ubishi huo wote. Leo nathubutu kutoa maoni yangu, ingawa mimi ni mdogo sana kuliko santuri zenyewe.

Kwanza nieleze ubishi ulivyoanza. Mjomba alisomea ufundi wa mitambo mjini Bristol katika miaka ya 1980, akarudi na sanduku la santuri ambalo hata leo hakuna mtu anayeruhusiwa kulifungua ila yeye. Rafiki zake wawili wa wakati ule, mmoja Mwingereza na mmoja Mzanzibari aliyebaki huko huko, humpigia simu karibu kila Jumapili. Husalimiana, huulizana habari za watoto, na kabla hazijapita dakika kumi, ubishi umekwisha anza: Je, katika nyimbo zote za XTC, ulio bora ni upi?

Labda wengi wenu hamwijui bendi hii, basi nitaieleza kwa ufupi. XTC walikuwa vijana wa mji wa Swindon, magharibi ya London. Swindon ulikuwa mji wa reli. Karakana zake kubwa za kutengeneza garimoshi zilifunguliwa mwaka 1843 na kufungwa mwaka 1986. Andy Partridge aliimba na kupiga gitaa, naye ndiye aliyetunga nyimbo nyingi. Colin Moulding alipiga gitaa la besi, naye pia alitunga na kuimba. Terry Chambers alipiga ngoma, na Barry Andrews kinanda. Andrews alipoondoka, mwaka 1979 akaingia mpiga gitaa Dave Gregory. Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1978, wakati vijana wa Uingereza walipokuwa wamechoka na muziki wa wakubwa wao, wakaanzisha muziki ulioitwa wimbi jipya.

Nyimbo za XTC zina vituko. Mdundo huenda upogo, kama mtu anayeshuka ngazi huku akiruka vidato, na sauti hukatika kama ya mwenye kwikwi. Habari zake pia si mapenzi tu. Wameimba juu ya majenerali wanaosikitika kwa kukosa vita, juu ya mtu anayejiita meya wa wajinga, na juu ya kijana wa shamba anayetaka kuoa kwa mshahara mdogo. Kisha mwaka 1982 Partridge alishikwa na ugonjwa wa kuogopa jukwaa. Mwezi Machi, mjini Paris, aliondoka jukwaani onyesho likiendelea, na baada ya majuma machache safari ya bendi huko Marekani ilivunjwa. Tangu hapo hawakufanya tena safari za maonyesho. Walitoa santuri tu, mpaka mwaka 2000. Kwa hiyo mpenzi wa XTC hawezi kujisifu kwamba aliwaona sana jukwaani. Hana budi kukaa kitako na kusikiliza, na yeyote aliyesikiliza vizuri ana haki ya kusema. Hiyo ndiyo ruhusa yangu.

Sasa tuje kwenye maoni ya wakubwa.

Mjomba husema kwamba wimbo bora ni Senses Working Overtime, wa mwaka 1982, unaohusu milango mitano ya fahamu inavyofanya kazi mpaka kuzidiwa na mambo ya dunia. Hoja yake ni kwamba wimbo huo ulifika nafasi ya 10 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza, na hakuna wimbo mwingine wa XTC uliopanda juu kuliko huo kule kwao.

Yule Mzanzibari husema ni Chalkhills and Children, wa mwaka 1989, yaani vilima vya chokaa na watoto. Ni wimbo wa mtu ambaye angeweza kupaa na kupotelea mawinguni, ila vilima vya kwao na watoto wake humshika miguu. Vilima hivyo vipo kweli karibu na Swindon, na juu ya kimojawapo, mahali paitwapo Uffington, watu wa kale walichora farasi mweupe ambaye yupo hata leo. Mzanzibari amelea watoto wake nchi hiyo, basi simshangai kuupenda.

Mwingereza naye husema ni Dear God, wa mwaka 1986. Huo ni kama barua ya mtu mwenye mashaka anayemwandikia Mungu na kumlalamikia. Kule Uingereza ulitolewa kwanza upande wa pili wa santuri ndogo, kama kitu cha kujazia nafasi. Watangazaji wa redio wa Marekani ndio walioupiga mpaka ukaongezwa katika santuri kubwa ya Skylarking. Mjomba ni mtu wa swala tano, na unapopigwa wimbo huo hutikisa kichwa, lakini hauzimi. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwenye swali mwache aulize."

Mnaona kwamba wazee hawa watatu hawapatani. Lakini kuna jambo moja wanalopatana wote: kwamba wimbo bora si Making Plans for Nigel, wa mwaka 1979. Huo, wasema, ni wimbo wa wageni, wa mtu aliyesimama mlangoni asiyejua vyumba vya ndani. Kila asiyeijua XTC huutaja huo.

Kwa heshima zote, mimi nasema ni huo huo. Na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, hoja ya orodha ya mauzo haina nguvu. Kama nafasi ndiyo kipimo, basi Sgt. Rock, wimbo wao uliofika nafasi ya 16 mwaka 1981, ungekuwa bora kuliko Nigel uliofika nafasi ya 17. Hata hivyo Partridge mwenyewe, aliyeutunga Sgt. Rock, amesema baadaye kwamba anauonea haya. Soko hutuambia kilichonunuliwa, halituambii kilicho kizuri. Na ikiwa si haki kuusifu wimbo kwa sababu umenunuliwa na wengi, si haki vile vile kuudharau kwa sababu hiyo.

Pili, utazameni ufundi wake. Wimbo huu si wa Partridge bali wa Moulding. Unahusu wazazi wanaompangia mwana wao, Nigel, maisha yake: atafanya kazi katika shirika la chuma la Uingereza, British Steel, na mambo yake yatakuwa salama. Mdundo ambao kwa kawaida hupigwa kwenye matoazi umehamishiwa kwenye ngoma, hata ngoma zasikika kama mashine za kiwandani zinazopanda na kushuka bila kuchoka. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, msikilizaji amekwisha ingizwa kiwandani. Yaani Nigel bado anapangiwa, na mashine zimekwisha mpokea.

Tatu, na hii ndiyo hoja yangu kubwa, Nigel mwenyewe hasemi. Tangu mwanzo mpaka mwisho wanaozungumza ni wazazi. Wao ndio wanaotueleza kwamba kijana ana furaha, na kwamba wanamtakia mema. Nao si watu wabaya. Moulding hakuwafanya majitu wenye fimbo. Amewafanya wazazi wenye mapenzi, nasi tunawaamini. Ila tunangoja tumsikie kijana, tunangoja, na wimbo unakwisha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika nyimbo zote nilizozisikia likizo ile, sikusikia kimya chenye mshindo kama hicho.

Nne, historia imeushuhudia. Shirika la British Steel liliundwa mwaka 1967 serikali ilipotaifisha makampuni makubwa ya chuma, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha kwetu. Babu zetu wanaweza kutueleza jinsi kazi ya shirika la umma ilivyohesabiwa kuwa kazi isiyokwisha. Wimbo ulitoka Septemba 1979. Tarehe 2 Januari 1980 wafanyakazi wa chuma wa Uingereza waligoma nchi nzima, na mgomo ukadumu kama majuma 13. Mwaka huo huo kiwanda cha chuma cha Consett, kaskazini ya nchi, kilifungwa, na watu wengi wa mji huo wakabaki bila kazi. Mwaka 1988 shirika liliuzwa kwa watu binafsi. Yaani hata kama wazazi wa Nigel walipanga kwa hekima yote waliyokuwa nayo, mpango wenyewe haukudumu hata miezi minne pasipo kutikisika. Moulding hakuwa nabii. Lakini alitambua kwamba njia iliyohesabiwa kuwa salama kuliko zote yaweza kuwa salama machoni pa anayepanga tu.

Najua nitapingwa. Nasikia mwalimu mmoja akisema, "Huyu anawafundisha wenzake ukaidi." Sivyo hata kidogo. Moulding ameeleza kwamba alipokuwa na umri wa kama miaka kumi na sita, baba yake alimsukuma sana abaki shuleni, naye moyo wake ulikuwa kwenye muziki tu. Sehemu ya wimbo imetoka hapo. Sisemi kwamba baba yake alikosea. Mimi mwenyewe niko shuleni, nataka kubaki shuleni, na sitaki mtu yeyote aache masomo akapige besi kwa sababu ya makala hii. Nasema tu kwamba kumpangia mtoto ni jambo moja, na kumwuliza ni jambo jingine, na la pili halilizuii la kwanza.

Na sasa niseme kweli, kwa maana bila hivyo nitakuwa nimewaficha wasomaji sababu ya tano.

Sisi wa Kidato cha Nne mwaka huu tunajaza tahasusi. Baba yangu amekwisha nichagulia Fizikia, Kemia na Baiolojia, niwe daktari. Yeye mwenyewe alitamani kuwa tabibu, akakosa nafasi, na tangu nikiwa darasa la pili huwaambia wageni, "Huyu ndiye daktari wetu." Wageni hucheka, nami hucheka, kisha hunyamaza. Mimi napenda ramani. Napenda Hisabati na Jiografia, na ningependa kuwa mpima ardhi. Jambo hili walijua wenzangu wa bweni, na walijua walimu wawili. Baba hakulijua.

Jioni moja kule Tanga mjomba aliuweka wimbo wa Nigel ili anionyeshe jinsi ulivyo mwepesi. Ulipokwisha aliniuliza, "Mbona umenyamaza?" Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimegundua kwamba siku zote nilipokuwa nikimlaumu baba moyoni, hakuwa amenikatalia lolote. Hakuniuliza, ni kweli, lakini mimi pia sikumwambia. Nigel wa wimboni hakupewa nafasi ya kusema. Mimi nilikuwa nayo kila likizo, kwenye mkeka ule ule wa chakula cha jioni, nikaiacha ipite.

Ndiyo maana nasema wimbo huu ndio bora. Nyingine ni tamu zaidi, na huenda nyingine zina ufundi mwingi zaidi. Chalkhills and Children naukubali kuwa mzuri mno, na nikiwa na watoto huenda nikahamia upande wa Mzanzibari. Lakini wimbo ulioniamsha ni huo wa mlangoni. Wenzangu wa Kidato cha Nne, kama fomu zenu hazijapelekwa, semeni na wazazi wenu kwa adabu kabla hazijapelekwa. Wazazi wetu, mkituona tunacheka na kunyamaza, tafadhalini mtuulize mara ya pili.

Gazeti hili litafika nyumbani kabla sijafika mimi. Baba, ukilisoma, shikamoo. Sijaijaza fomu yangu bado. Siku ya wazazi nitakungoja chini ya mwembe karibu na bwalo, nami naomba tuzungumze. Mjomba naye asikasirike kwa kupingwa mbele ya watu. Jumapili awaambie rafiki zake kwamba sasa wabishi wamekuwa wanne.