Kiingereza cha Kila Siku ni Chombo cha Kazi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wazee wetu. Lakini mwenyeji atapona vipi kwa mgeni asiyeweza kusemezana naye?

Hebu tutazame jambo moja dogo. Mwenye mashua anaagana na mgeni kuwa wataondoka saa mbili asubuhi. Kwa kuwa amejifunza tarakimu peke yake, anamwambia kwa Kiingereza "two o'clock". Mgeni anafahamu saa nane mchana, kwani Mwingereza huhesabu saa tangu usiku wa manane na adhuhuri, ilhali sisi huhesabu tangu mapambazuko na magharibi. Maji yanakupwa, safari inavunjika na nauli inapotea, wala hapana aliyesema uongo.

Vivyo hivyo neno letu "pole". Anayemwambia "sorry" mgeni aliyejikwaa anampa pole kwa moyo safi. Mgeni naye huweza kushangaa kwa nini mtu asiye na kosa anaomba radhi. Na mwenye kusema "nipatie" kwa adabu zote, akikigeuza kitenzi hicho neno kwa neno bila ya kuongeza "please", huonekana anatoa amri.

Ni dhahiri basi kwamba kukariri orodha ya maneno hakutoshi. Chuoni tulianza na alifu kwa kijiti, lakini mwalimu alimsikiliza kila mmoja, akamrudisha aliyekosea mpaka ulimi ukanyooka. Skuli zetu hazina budi kufanya hivyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtoto asiyejua kuuliza njia kwa lugha hiyo atawezaje kuuliza kuhusu mzunguko wa damu? Atanakili ubaoni, atafeli, kisha ataambiwa hana akili.

Wapo wanaohofu kuwa huku ni kurejea kasumba ya kikoloni. Hofu hiyo haina msingi. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tumepokea kitabu kutoka kwa Mwarabu, meza kutoka kwa Mreno na skuli kutoka kwa Mwingereza, na lugha yetu imezidi kutajirika. Kasumba ni ya yule ofisa anayemjibu mzee wa shamba kwa Kiingereza, au anayembandikia mwananchi tangazo asiloweza kulisoma. Huyo tunamwambia wazi: aache.

Kwa viongozi tunashauri kwamba madarasa ya elimu ya watu wazima yafunguliwe jioni katika skuli za vijiji vya pwani, yafundishe mazungumzo ya sokoni, ya mashuani, ya hotelini na ya hospitali. Vijana wetu wasiachiwe ufagio tu huku kazi za mapokezi zikiwapita mlangoni kwao.

Na kwa wananchi: haba na haba hujaza kibaba. Maneno matano kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yake, ni maneno 1,825 kwa mwaka. Tujifunze bila ya haya, na tukosoane bila ya kuchekana. Aliyekosea akisema yu mbele ya aliyenyamaza.