Katuni imeisha, muulize mtoto ameelewa nini

Wazazi wengi wakisikia katuni ina mafunzo, hupumua. Mtoto anakaa sebuleni, mama anamalizia kupika, na kila mtu anaamini adabu inaingia yenyewe kupitia luninga. Mambo hayaendi hivyo, hasa kwa watoto wa chekechea.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Marie-Louise Mares na Emily Acosta, walichapisha utafiti kuhusu watoto walioonyeshwa katuni ya Clifford, yule mbwa mkubwa mwekundu. Katika kipindi hicho anatokea mbwa mwenye miguu mitatu. Wenzake wanamwogopa mwanzoni, mwishoni wanakuwa marafiki. Mtu mzima anaelewa mara moja kwamba tunaambiwa tusiwatenge watu wenye ulemavu. Watoto walipoulizwa wamejifunza nini, wengi walizungumzia mbwa tu, kwamba tuwe wema kwa mbwa wa miguu mitatu. Mtoto mwenzao wa darasani anayetembelea magongo hakuwamo kabisa katika jibu lao.

Siyo kwamba ni wajinga. Umri huo mtoto hushika anachokiona, na kukihamishia kwenye maisha yake bado ni kazi ngumu. Halafu angalia katuni zenyewe zilivyotengenezwa. Ugomvi, kucheka mwenzao na kutengana huchukua karibu kipindi kizima, kuombana msamaha ni dakika moja ya mwisho, na pengine wakati huo mtoto ameshakimbilia maji ya kunywa. Kilichobaki kichwani ni kile kirefu.

Habari njema ni kwamba watafiti hao hao, katika kazi yao ya 2010, waliona kuwa maelezo mafupi yaliyoingizwa ndani ya kipindi yaliwasaidia watoto kuelewa ujumbe. Nyumbani, maelezo hayo ni wewe. Au baba. Au dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayeangalia katuni na watoto kuliko wenye nyumba, lakini hakuna anayemweleza kuwa kuzungumza nao ni sehemu ya malezi.

Huhitaji kugeuza sebule darasa. Mtoto akiona kila katuni inaisha kwa mtihani, atakukimbia. Maswali mawili yanatosha. Akiangalia kwenye simu ni rahisi zaidi, simamisha kidogo pale pagumu, muulize, "Unadhani huyu anajisikiaje sasa hivi?" Subiri. Watoto huchelewa kujibu na wazazi tuna haraka ya kujibu kwa niaba yao. Ikiisha, ilete nyumbani: "Shuleni kwenu kuna mtu anayeachwa peke yake wakati wa kucheza?"

Hata zile katuni tunazoziona hazina maana zinafaa. Tom na Jerry wanapigana tangu mwaka 1940, na mimi bado nacheka. Lakini Tom akipigwa pasi usoni, sekunde tatu baadaye ni mzima. Mwambie mwanao waziwazi kwamba kwa mtu pasi inaunguza, kidonda kinauma na inabidi kwenda hospitali. Mtoto wa miaka minne hajui hilo mpaka aambiwe.

Wenye watoto wadogo, Akili and Me inayotengenezwa na Ubongo hapa Dar es Salaam ni pa kuanzia pazuri. Akili ana miaka minne, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kuna toleo la Kiswahili. Mtoto anayeona maisha yanayofanana na yake ana safari fupi ya kuelewa.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba aliye chini ya miaka miwili asiwekewe luninga wala simu, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo moja mkiwa pamoja mnaongea ni bora kuliko tatu akiwa peke yake na bando lako.

Na ukiuliza lile swali la shuleni, jiandae. Anaweza kukutajia jina. Usimkatishe kwa "usimcheke mwenzio". Muulize huyo mwenzake anapenda mchezo gani, na kama angependa aje nyumbani Jumamosi. Kisha mtafute mzazi wake mpange.