Waliokufa Vitani Wana Majina

Vita humalizwa kwa mikataba, lakini msiba haumalizwi kwa saini. Mila zinataka marehemu azikwe, ndugu wakae matanga, arobaini ipite, ndipo mfiwa arudi shambani. Familia ya aliyepotelea vitani hunyimwa yote hayo. Kwa hiyo serikali yoyote inayowapeleka watu vitani ina wajibu wa kuwaambia wafiwa mambo mawili: nani amekufa, na amezikwa wapi.

Wakoloni wa Kiingereza waliujua wajibu huo. Mwaka 1917 waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, kwa kanuni kwamba kila askari aliyekufa atakumbukwa sawa na wenzake bila kujali cheo. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo iliwekwa kando. Wapagazi waliobeba risasi na vyakula katika vita vya 1914 hadi 1918 walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na lishe duni. Walizikwa njiani, wala hawakuwekewa jiwe. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, iliwekwa kwa ajili ya wote, nayo haina jina la hata mmoja wao. Kumbukumbu iliyobaki midomoni mwa watu ni jina la Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi hao.

Aprili 2021 Tume hiyo ilikiri ubaguzi wake, na Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni. Radhi ni jambo la heshima, lakini haimwonyeshi mjukuu kaburi la babu yake.

Tanzania huru ilitenda vingine. Askari wake waliofariki katika Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumhesabu mtu kuwa raia na kumhesabu kuwa chombo cha kubebea mizigo.

Hata hivyo, kazi ya wapagazi wale haijakwisha. Zipo koo ambazo bado husimulia habari za babu aliyechukuliwa asirudi. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wayaandike majina hayo kutoka kwa wazee. Ofisi ya utamaduni ya wilaya inaweza kuyahifadhi. Wakoloni hawakuyaandika kwa sababu hawakuwathamini wenye majina. Taifa linalowathamini, lenye shule na kalamu, halina udhuru.